Anayebaki Kambini

Arusha ni mji unaopata riziki kwa kuwapeleka watu mahali wasipoweza kuishi. Asiyeamini aamke alfajiri, asimame kando ya barabara ya Moshi pale Sanawari au Usa River, atazame magari yanavyopita: mahema, majiko ya gesi, mtungi wa oksijeni, trei za mayai zilizofungwa kamba, viazi, na katikati ya mizigo vijana waliovaa makoti waliyoachiwa na wageni wa misimu iliyopita. Wengine wanakwenda geti la Momella kupanda Meru, wengine wanavuka mkoa kwenda Machame kupanda Kilimanjaro. Baada ya siku chache watakuwa wamemfikisha mtu wa Munich au wa Seoul mahali penye hewa haba na baridi isiyo na huruma. Watakuwa wamempikia, wamempima mapigo ya moyo, wamemsubiri apige picha zake, na kumrudisha hotelini akiwa mzima. Huo ni ufundi, tena mkubwa. Ukiondoa roketi, ndio ufundi uleule uliompeleka mtu mwezini.

Mwezi umerudi midomoni mwa watu. Marekani ina mpango wake wa Artemis, ambao Novemba 2022 ulituma chombo kisicho na mtu kuuzunguka, na China imekwishasema inataka watu wake wawe wamekanyaga huko ifikapo 2030. Tangu Eugene Cernan apande ngazi ya chombo cha Apollo 17, Desemba 1972, hakuna mguu wa binadamu uliogusa vumbi lile. Waliowahi kuligusa ni 12 tu, wote wanaume, wote Wamarekani. Vijiweni hapa mjini, kahawa ikipita mkono kwa mkono, hoja huwa mbili. Ya kwanza husema hawakwenda kabisa, ile ilikuwa sinema. Hiyo siipi nafasi. Vioo walivyoviacha watu wa Apollo 11, 14 na 15 bado vinarudisha mwale wa leza unaorushwa kutoka duniani, na chombo kinachouzunguka mwezi tangu 2009 kimepiga picha za njia walizozichimba kwa miguu yao. Hoja ya pili inastahili heshima. Inasema: haya, walikwenda, sisi yatuhusu nini?

Hoja hiyo ina ukoo. Mwalimu Nyerere ananasibishwa na usemi unaotajwa hadi leo, kwamba wenzetu wanajaribu kufika mwezini ilhali sisi bado tunajaribu kufika kijijini. Ni usemi unaofanana na zama zake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, baada ya Halmashauri Kuu ya TANU kukutana hapahapa mjini, na miaka miwili na nusu baadaye Neil Armstrong akawa anashuka ngazi. Mwaka huohuo wa 1969 nchi ilianza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Kiongozi aliyekuwa akitafuta zahanati na bomba la maji kwa maelfu ya vijiji alikuwa na kila sababu ya kuutupia mwezi jicho la pembeni.

Ila kuna jambo linalonichekesha. Kilele cha Meru, mita 4,562 juu ya bahari, kilipewa jina la Ujamaa. Kibao cha pale juu kinakiita kwa Kiingereza Socialist Peak. Itikadi iliyotuambia twende vijijini ikapewa makao mahali ambapo kijiji hakiwezi kusimama. Hakuna shamba pale, hakuna kisima, hakuna duka la ushirika. Kuna mawe, upepo na ukungu, na mgeni anayehema akiuliza maana ya jina hilo huku mwongozaji wake, aliyezaliwa miaka mingi baada ya vijiji vya ujamaa kuvunjika, akitafuta namna ya kulieleza kwa ufupi kabla vidole havijaganda.

Na kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, nchi changa isiyo na barabara za kutosha ilikuwa imemtuma Luteni Alexander Nyirenda juu ya Kilimanjaro na mwenge na bendera. Mwenge ule haukuchemsha sufuria ya mtu yeyote, na bado ndio tunaoukumbuka katika mambo yote ya usiku ule. Kwa hiyo hamu ya kusimika kitu juu kabisa, mahali pasipo na faida ya haraka, si hamu tuliyoisikia kwa Wamarekani. Tuliitimiza miaka saba na ushei kabla ya Apollo 11, kwa miguu.

Hata mpaka kati ya mwezi na kijiji, ukiutafuta kwenye miteremko ya Meru, hauonekani vizuri. Maji yanayoshuka kuelekea Ngarenanyuki na Maji ya Chai hupita katika miamba ya volkano na kuokota floraidi njiani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi nyingi za mlima huu zinakivuka mara kadhaa. Ndiyo sababu mtu wa Arusha akicheka Dar es Salaam wanajua ametoka wapi: meno yana rangi ya hudhurungi. Hilo ni tatizo la kijiji kwa kila hali, lakini jibu lake linaanza kwa mtu anayejua jiwe liliumbwaje na linaachia nini likikutana na maji. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, watafiti wamekuwa wakihangaika na kazi hiyo. Mmoja wao, Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali kule Karatu, alipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio lake la maji. Wanaopanga kushusha watu kwenye ncha ya kusini ya mwezi nao wanafuata maji, barafu iliyojificha kwenye mashimo yasiyowahi kupigwa na jua. Wataihitaji kwa kunywa, kwa kupumua na kwa kuendeshea vyombo. Maswali yao ya kwanza yatakuwa yaleyale ya mama wa Ngarenanyuki mwenye ndoo: yako wapi, yana nini ndani, na nani atayabeba.

Lakini sikukusudia kuandika juu ya maji. Nataka kuandika juu ya yule wa mwisho, anayebeba.

Watalii wakifika ukingoni mwa kreta ya Meru hupenda kusema kwamba pale ni kama mwezini. Si kweli, na tofauti yake inapendeza kuliko ufanano. Mashimo mengi ya mwezini yalichimbwa na vimondo vilivyotoka nje. Meru ulijibomoa wenyewe. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka zamani sana, mawe na tope vikamwagika nyanda za chini, na maji yakatuama katika mabonde ya kifusi kile. Hayo ndiyo maziwa ya Momella wanakokula heroe leo. Baadaye, ndani ya pengo lililobaki, mlima ukajijengea koni ya majivu, na mara ya mwisho kutapika ilikuwa 1910. Majivu ya Meru yamenyeshewa na kupeperushwa, chembe zake zimesagika. Vumbi la mwezini halijawahi kuguswa na upepo wala tone la mvua, hivyo limebaki na kingo kali kama chupa iliyopondwa. Lilikwangua mavazi ya wanaanga, likaingia nao chomboni, likanuka kama baruti. Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwanajiolojia pekee kati ya wale 12, lilimziba pua na kumtoa machozi.

Kinachofanana ni mpango wa safari. Meru unaanzia geti la Momella, mita 1,500 hivi. Usiku wa kwanza mnalala Miriakamba, mita 2,500 na kidogo. Wa pili Saddle Hut, mita 3,570. Kila kituo kinaacha nyuma kitu au mtu. Askari mwenye bunduki anafuatana nanyi kwa sababu ya nyati. Saa saba au saa nane usiku, wageni wanaamshwa kwa chai na biskuti, wanavaa kila walichonacho, wanawasha taa za kichwani na kuanza kupanda nyuma ya mwongozaji. Wapagazi, ambao huku mlimani tunawaita wagumu, wanabaki. Mpishi anabaki. Kazi yao ya kupandisha imekwisha. Sasa yapo maji ya kuchota, uji wa kuandaa, na macho ya kutupia kwenye ukingo mara kwa mara kuhesabu taa. Taa zikiwa pungufu, mpishi ndiye wa kwanza kujua.

Apollo nayo ilikuwa hivyo. Roketi ya Saturn V iliondoka Florida ikiwa na ngazi tatu, na kila ngazi ilipomaliza kazi ilitupwa. Kilichofika mwezini kilikuwa sehemu ndogo sana ya kilichoondoka. Hata hicho kidogo kikagawanyika: Eagle ikashuka na Armstrong na Buzz Aldrin, Columbia ikabaki ikizunguka juu, na ndani yake Michael Collins. Saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa tano na dakika 17 usiku wa Jumapili, Julai 20, Eagle ilipotua. Armstrong alikanyaga saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, wakati majogoo wa Ngarenaro wanawika na mwezi wenyewe umekwishazama. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Waliosikia walisikia redioni, na wengi walikuwa wanatafuta viatu waende kazini.

Kwa karibu saa 28 Collins alikuwa peke yake. Kila mzunguko wa saa mbili hivi ulimpeleka nyuma ya mwezi, na kwa dakika 48 mawasiliano yalikatika: hakumsikia mtu, wala hakuna aliyemsikia. Baadaye aliandika kwamba upweke haukumsumbua. Kilichomtisha kwa miezi sita kabla ya safari kilikuwa uwezekano kwamba injini ya Eagle ingekataa kuwaka na yeye angelazimika kuwaacha wenzake na kurudi duniani peke yake. Hiyo ndiyo hofu halisi ya kambi. Anayepanda anaogopa kufa. Anayebaki anaogopa kuwa ndiye atakayesimulia. Oktoba mwaka uleule wote watatu walizungushwa dunia nzima kusalimia watu, wakafika mpaka Kinshasa, na nina hakika wengi waliowashangilia barabarani hawakujua kwamba mmoja wao hakushuka.

Hapo kuna jambo dogo la mizani ambalo siwezi kuliacha. Armstrong na Aldrin waliokota kilo 21.5 za mawe na udongo wakaja nazo. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mgumu unapimwa, na kikomo ni kilo 20. Wangerudishwa wapunguze. Ila wao walikuwa mahali ambapo uzito ni sehemu moja ya sita ya wa hapa, hata vazi na mkoba wa hewa, ambavyo duniani ni kilo 80 hivi, vikawa mzigo wa mtoto wa shule. Mgumu wa Meru hana punguzo hilo.

Watu waliofanya kazi ya Apollo walikadiriwa kufika 400,000: waliochomelea vyuma, walioshona mavazi, waliopiga hesabu, waliokaa zamu za usiku na vipaza sauti masikioni. Majina 12 tunayo. Mlimani hesabu inakwenda vilevile. Mgeni anayefika juu anapewa cheti chenye jina lake na urefu wa kilele. Wagumu wanapewa bakshishi na wimbo wa kuimba. Sisemi haya kwa uchungu. Mpishi hapandi kwa sababu hana haja ya kilele, kilele hakimlipii ada ya mtoto. Ninachokitaka ni hesabu sahihi tu. Tukisema kwamba fulani alifika, tuseme alifika kwa kambi ipi.

Nani anamkumbuka Mwini Amani? Oktoba 6, 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walikanyaga juu kabisa ya Kibo, na Meyer akapabatiza jina la mfalme wake wa Ujerumani. Kambi yao ya juu, kwenye mita 4,300 hivi, ilikuwa na mtu mmoja aliyebaki nao huku wengine wakiteremka: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani, wa minazi na joto, amekaa chini ya barafu akitunza moto na kungoja Wazungu wawili warudi. Walikwenda na kurudi zaidi ya mara moja, naye alikuwapo kila waliporudi. Ni Collins aliyemtangulia Collins kwa miaka 80. Lakini Collins aliandika kitabu chake mwenyewe. Amani tunaye ndani ya kitabu cha Meyer tu, kwa kiasi alichoona Meyer kinafaa.

Sisi pia tuliwahi kuwa kambi ya safari ya mwezini, tena kambi yenyewe, si kwa mfano. Wamarekani walipoanza mradi wa Mercury, hatua ya kwanza ya ngazi iliyoishia kwenye Apollo, walihitaji masikio kuizunguka dunia. Chombo kinachokwenda kasi vile hakionekani na mtambo mmoja wa ardhini ila kwa dakika chache, kisha kinazama upande wa pili. Wakajenga mnyororo wa vituo 18, vya nchi kavu na vya melini. Afrika ilipata viwili vya kufuatana: Kano, Nigeria, na Unguja. Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa Zanzibar, ilikubaliana na Marekani mwaka 1960, na kituo kikaanza kazi.

Februari 20, 1962, John Glenn alizunguka dunia mara tatu. Akitoka Atlantiki alivuka Afrika, akapokewa na Kano, Kano wakamkabidhi kwa Unguja, na Unguja wakamwachia meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Katika dakika zile chache mitambo ya kisiwani ilipokea habari za chombo chake na za mwili wake, pamoja na mapigo ya moyo. Waongozaji wa huku wanapombana mgeni kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, jioni kambini, wanafanya kazi iliyofanywa Unguja miaka zaidi ya 60 iliyopita juu ya mtu aliyekuwa angani. Sijawahi kuona kibao cha ukumbusho wa jambo hilo.

Wenyeji walilipokeaje? Kwa mashaka. Hofu ilienea kwamba ni kituo cha makombora, kwamba vita ikizuka baina ya wakubwa kisiwa kitakuwa shabaha. Wanasiasa walipaza sauti, watu wakaandamana. Wamarekani walijibu kwamba ni antena na redio tu, hakuna roketi hata moja. Kwa ushahidi tulionao walisema kweli. Ndiyo maana wanaosimulia kisa hiki huwacheka Wazanzibari wa wakati ule kuwa ni watu wa fununu.

Mimi siwacheki. Waliokosea juu ya kilichokuwa ndani ya mzigo walikuwa sahihi juu ya swali. Mkataba ulifungwa baina ya London na Washington. Wenye ardhi hawakuwa mezani. Mtu akipiga kambi kwako bila kukuuliza, kisha akakwambia usiwe na wasiwasi, yaliyomo ni salama, kosa lako la kukisia baruti ni dogo kuliko kosa lake la kutofungua begi mbele yako. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume ilitaka kituo kiondolewe, na Aprili mwaka huo ikaamuliwa hivyo. Kazi ikahamia Tananarive, Madagaska. Kufikia Julai 1969, chombo cha Apollo kilipopita juu ya upande huu wa Afrika, waliokuwa wakisikiliza ni wa kule.

Mgumu wa Meru ana haki ambayo Unguja ya 1960 haikuwa nayo. Mzigo wake unapimwa getini mbele ya macho yake. Anajua mshahara wake wa siku, hata kama mara nyingi ni mdogo na unachelewa. Anaweza kukataa, kampuni ikatafuta mwingine. Haki hizo ni finyu na zinavunjwa kila msimu, lakini zipo, na zilipiganiwa na wagumu wenyewe na watu wachache wa Moshi na Arusha waliochoka kuona vijana wanarudi na vidole vilivyogandishwa na baridi.

Ramani za kambi zinachorwa upya sasa. Desemba 2022 Rwanda na Nigeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis, yanayoeleza namna nchi zitakavyoenenda mwezini, pamoja na uchimbaji wa maliasili zake. Kenya ina kumbukumbu yake ya Malindi: kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, Ghuba ya Ngwana, Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya elimu ya anga vya dunia nzima. Jina ni kitu kizuri. Lakini setilaiti ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, na mtu wa Ngomeni alikuwa anatazama kutoka ufukweni. Bado tuko karibu na ikweta, bahari iko mashariki yetu, na kwa hesabu za roketi hiyo ni bahati: dunia yenyewe inakusukuma unapoondoka. Watakuja kubisha hodi tena. Hatuna haja ya kuwapokea kwa fununu, na hatuna sababu ya kuwapokea kwa wimbo peke yake.

Nikitafuta mfano wa kambi iliyojua inachokifanya, siendi mbali. Nashuka Meru upande wa kaskazini-mashariki mpaka Ngarenanyuki.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru katika mashamba mawili ya huko, yaliyojulikana kwa namba tu, 31 na 328, ili ardhi igawiwe kwa Wazungu wa kufuga ng'ombe. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa moto, wakaelekezwa Kingori, ardhi ya chini waliyoikataa. Wameru hawakuwa na silaha, na TANU ilikuwa haijazaliwa. Walichokuwa nacho kilikuwa kahawa, mikutano, na mtu mmoja wa kutumwa. Wakachanga fedha. Mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, mpaka New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Nyerere alifika kwenye baraza hilohilo mwaka 1955. Kirilo alikuwa amemtangulia.

Fikiria umbali wenyewe kwa macho ya Ngarenanyuki ya 1952. Kwa mzee aliyetoa shilingi zake pale chini ya mlima, New York na mwezi havikuwa mbali sana kimoja na kingine; tofauti ni kwamba mwezi aliuona. Mtu wao alipanda ndege, akaenda kwenye baridi na majengo na lugha za watu wengine, akiwa amebeba maneno yao. Na kila aliyebaki alijua vizuri yaliyomo ndani ya mzigo ule, kwa sababu waliufunga wenyewe: majina ya waliochomewa, mipaka ya mashamba, idadi ya ng'ombe, siku na saa. Safari ya Apollo ililipiwa na kodi za mamilioni ya watu, wengi wao hawakuulizwa, na kura za maoni za Marekani za miaka ile zilionyesha mara nyingi kwamba wengi waliona gharama ni kubwa mno. Safari ya Kirilo ililipiwa na watu walioweza kumtaja kwa ukoo wake na kwenda nyumbani kwa mama yake kumdai.

Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi mwaka ule. Kirilo alirudi bila jiwe hata moja mkononi, na hakukaa kimya kwa aibu. Alizunguka Tanganyika akieleza alichokiona, alichosema na alichojibiwa, na wasikilizaji wake wengi wakaja kuwa wanachama wa chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Sisemi alifaulu. Kwa alichotumwa, alikosa. Lakini alipokanyaga tena Ngarenanyuki alikuta watu waliokuwa na haki ya kumketisha na kumuuliza mpaka usiku, fedha zetu zilikwenda wapi, nani alikupinga, na sasa tunafanyaje.